Jinsi ya Kuichambua 4,294,967,297 kwa Kalamu na Karatasi

Andika 4,294,967,297 juu ya karatasi, uache nafasi ya kutosha chini yake. Isome kwa sauti: bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa, sitini na saba elfu, mia mbili tisini na saba. Kikokotoo cha mwanafunzi chenye nafasi ya tarakimu 10 kinaipokea yote, lakini hakikuambii lolote juu yake. Kuihoji ni kazi yako.

Swali la kuanzia ni hili: namba hii ni tasa, au kuna namba nyingine mbali na 1 na yenyewe inayoigawanya bila baki? Ukishalijibu hilo, mengine yatafuata karibu bure: ina vigawo vingapi, jumla yake ni ngapi, inaundwaje kwa miraba, inafanana vipi na jirani zake. Hutahitaji zaidi ya kuzidisha na kugawanya, pamoja na hoja moja ambayo nitaieleza polepole. Kikokotoo cha simu ruksa.

Yanayoonekana kwa macho

Tarakimu ya mwisho ni 7, kwa hiyo namba ni witiri na 2 haiigawanyi. Haiishii na 0 wala 5, basi na 5 imeondoka. Jumlisha tarakimu zote: 4 + 2 + 9 + 4 + 9 + 6 + 7 + 2 + 9 + 7 = 59. Kwa kuwa 59 haigawanyiki kwa 3, namba yetu nayo haigawanyiki kwa 3. Hadi hapo ni mambo ya shule ya msingi.

Kwa 7, 11 na 13 kuna njia moja inayozimaliza zote tatu kwa mpigo, na sijui kwa nini haifundishwi zaidi. Siri yake ni kwamba 7 × 11 × 13 = 1,001. Kata namba katika makundi ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, jinsi koma zilivyokwisha kuyakata, kisha toa na ujumlishe kwa kupokezana: 297 − 967 + 294 − 4 = −380. Sahau alama ya kutoa. Kati ya 7, 11 na 13, ile itakayoigawanya 380 ndiyo itakayoigawanya na namba kubwa. Gawanya: kwa 7 inabaki 2, kwa 11 inabaki 6, kwa 13 inabaki 3. Zote zimeshindwa.

Ukiendelea hivi na 17, 19, 23 na kuendelea, utaishia wapi? Namba isiyo tasa lazima iwe na angalau kigawo kimoja ambacho hakizidi kipeuo chake cha pili, kwa sababu vigawo viwili vikizidi kipeuo vyote, zao lao litaipita namba yenyewe. Basi tafuta kipeuo. Utakuta 65,536 × 65,536 = 4,294,967,296.

Hesabu mbili zinatoka hapo. Ya kwanza inavunja moyo: namba tasa zilizo chini ya 65,536 ni 6,542. Kwa dakika moja kila moja, ni zaidi ya saa 109. Ya pili ndiyo ya kuishika: namba yetu imeuzidi mraba kamili kwa 1 tu. Namba iliyookotwa ovyo haiwi hivyo. Weka kando kugawanya, uulize kwanza imeundwaje.

Namba hii imetoka wapi

Igawanye 65,536 kwa 2 mfululizo: 32,768, halafu 16,384, halafu 8,192, hadi ufike 1. Utakuwa umegawanya mara 16 bila kukutana na baki hata mara moja. Kwa hiyo 65,536 ni 2¹⁶, mraba wake ni 2³², na namba yetu ni 2³² + 1.

Ukitaka kuuona ukubwa huo, chukua bao la Kiswahili lenye mashimo yake 32. Weka kete 1 shimo la kwanza, 2 la pili, 4 la tatu, ukiongeza maradufu kila shimo. Kete 64 za mchezo zitakufikisha shimo la sita tu, na moja itakubaki mkononi. Shimo la 32 peke yake litataka kete 2,147,483,648, na bao zima 4,294,967,295. Ongeza 2 juu ya hapo na umeipata namba yetu.

Sasa ipange pamoja na ndugu zake. 2¹ + 1 ni 3. 2² + 1 ni 5. 2⁴ + 1 ni 17. 2⁸ + 1 ni 257. 2¹⁶ + 1 ni 65,537. Vipeo vinakwenda maradufu, na zote tano ni tasa. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyefanya hesabu kwa mapenzi tu, aliziona hizo mwaka 1640 akaamini kwamba mfululizo mzima ni tasa, ingawa alikiri kuwa hana uthibitisho. Ya sita katika mfululizo ni hii iliyo kwenye karatasi yako. Christian Goldbach alimgusia mwanahisabati mwenzake Leonhard Euler jambo hilo kwa barua mwaka 1729, na mwaka 1732 Euler, akiwa St. Petersburg, alitoa jibu.

Hoja inayopunguza kazi

Tuseme kuna namba tasa, tuiite p, inayoigawanya 2³² + 1. Maana yake ukiigawanya 2³² kwa p, itakosa 1 tu kufika kwenye kigawe cha p. Kwa lugha ya mabaki tunasema baki lake ni −1. Zidisha 2³² kwa yenyewe upate 2⁶⁴; baki nalo lizidishe kwa lenyewe, na −1 mara −1 ni 1. Basi 2⁶⁴ ikigawanywa kwa p inabaki 1.

Mabaki ya 2, 4, 8, 16 na kuendelea, yote yakigawanywa kwa p, huenda kwa mzunguko: yakifika 1 yanaanza upya. Urefu wa mzunguko huo lazima uigawanye 64, kwa kuwa kwenye hatua ya 64 tumekuta 1. Lakini hauwezi kuwa 32, wala 16, wala kigawo chochote kidogo zaidi, kwa sababu ingekuwa hivyo hatua ya 32 nayo ingetupa 1, na sisi pale tulikuta −1. Urefu wake ni 64 kamili.

Kipande cha mwisho ni kanuni isemayo kwamba urefu wa mzunguko wa namna hii huigawanya p − 1 daima. Kwa hiyo p − 1 ni kigawe cha 64, na p yenyewe inapatikana kwa kuzidisha 64 kwa namba fulani na kuongeza 1. Kanuni hiyo ni ya Fermat mwenyewe, aliitaja mwaka huohuo wa 1640. Ufunguo alikuwa nao mfukoni, na mlango hakuujaribu.

Kama hoja hii imekuchosha, ipokee ilivyo na urudi kuisoma siku nyingine. Faida yake unaiona sasa hivi. Andika vigawe vya 64, kila kimoja ukiongeze 1: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Futa zisizo tasa. 65 na 385 zinaishia na 5. 129, 321 na 513 zinagawanyika kwa 3. Zimebaki 193, 257, 449, 577 na 641. Toka namba tasa 6,542, unaanza na hizi tano.

Usigawanye namba yote ya tarakimu 10. Fanya kazi na mabaki peke yake, hivi: igawanye 65,536 kwa namba unayoijaribu, chukua baki, lizidishe kwa lenyewe, gawanya tena, kisha ongeza 1. Ukipata sifuri au kigawe cha namba unayoijaribu, umefika. Kwa 193, baki la mwisho litakuwa 109. Kwa 257 ni 2. Kwa 449 ni 325. Kwa 577 ni 288. Hakikisha umeyapata haya mwenyewe kabla ya kusonga mbele; ndiyo mazoezi yenyewe.

Halafu 641. Igawanye 65,536 kwa 641: inaingia mara 102, inabaki 154. Zidisha 154 × 154, upate 23,716. Sasa 641 × 37 ni 23,717. Umekosa moja tu! Na ile moja ndiyo unayoiongeza mwishoni, maana namba yetu ni 2³² na 1 juu yake. Hakuna baki. Namba si tasa.

Ukiigawanya sasa kwa ukamilifu utapata 6,700,417. Hakiki kwa kurudi nyuma: 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200, mara 40 ni 268,016,680, mara 1 ni yenyewe. Jumla ni 4,294,967,297.

Mwaka 1812 mtoto wa Kimarekani aitwaye Zerah Colburn, aliyezaliwa 1804, alikuwa akionyeshwa na baba yake mbele ya watu jijini London. Aliulizwa vigawo vya namba hii akajibu 641 na 6,700,417 kichwani, bila kalamu. Wewe umetumia kalamu, lakini unajua kwa nini.

Je, 6,700,417 nayo ni tasa? Wengi husahau kuuliza. Kipeuo chake ni 2,588 na ushee, na chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya 370. Hoja ile ile inafanya kazi hapa, kwa kuwa kigawo chochote cha 6,700,417 ni kigawo cha namba yetu pia. Mwaka 1878 mwanahisabati Édouard Lucas aliikaza zaidi: badala ya 64 unaweza kutumia 128. Andika vigawe vya 128, ongeza 1 kwa kila kimoja hadi 2,588, ufute zisizo tasa. Zinabaki 257, ambayo tumeshaikataa, pamoja na 641, 769, 1,153 na 1,409. Mabaki ya 6,700,417 kwa hizo nne ni 44, 120, 334 na 622. Hakuna sifuri. 6,700,417 ni tasa, na uchambuzi umekamilika: 4,294,967,297 = 641 × 6,700,417.

Vigawo na jumla zake

Kwa kuwa ni zao la namba tasa mbili tofauti, ina vigawo vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Ukiiacha yenyewe, vilivyobaki vina jumla ya 6,701,059, kiasi kidogo sana ukilinganisha na bilioni nne na ushee. Iko mbali kabisa na namba kamilifu kama 28, ambayo vigawo vyake 1, 2, 4, 7 na 14 vinaijaza sawasawa.

Ukitaka kujua ni namba ngapi chini yake zisizoshirikiana nayo kigawo chochote zaidi ya 1, punguza 1 kwa kila tasa kisha zidisha: 640 × 6,700,416 = 4,288,266,240. Anayeijua 641 anaipata hesabu hii kwa dakika moja, asiyeijua anahangaika. Juu ya tofauti hiyo ndipo ulipojengwa mfumo wa siri wa RSA, ambao kwa miaka mingi umelinda mawasiliano ya intaneti, isipokuwa kwamba tasa zake mbili zina mamia ya tarakimu. Na 65,537, ndugu wa tano wa mfululizo wetu, hutumika ndani ya funguo nyingi za RSA.

Miraba miwili, kwa njia mbili

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Tayari unajua kwamba namba yetu ni 65,536² + 1². Kuna njia nyingine ya kuiandika kama jumla ya miraba miwili, nayo inatoka kwenye vigawo. 641 ni 25² + 4², yaani 625 na 16. 6,700,417 ni 2,556² + 409², yaani 6,533,136 na 167,281. Zidisha kwa kupishana: 25 × 2,556 = 63,900 na 4 × 409 = 1,636; kisha 25 × 409 = 10,225 na 4 × 2,556 = 10,224.

Jozi ya kwanza ukiijumlisha, na ya pili ukitoa, unapata 65,536 na 1, zilezile za mwanzo. Sasa geuza: toa ya kwanza, jumlisha ya pili. Unapata 62,264 na 20,449. Piga miraba yake: 3,876,805,696 na 418,161,601. Jumlisha. Ni 4,294,967,297.

Hili si pambo. Namba tasa haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti, na Euler aliligeuza jambo hilo kuwa kipimo. Mtu akikuletea 62,264 na 20,449 bila kukuambia chochote kuhusu 641, unaweza kuifikia mwenyewe. Tafuta tofauti: 65,536 − 62,264 = 3,272, na 20,449 − 1 = 20,448. Kigawo kikubwa cha shirika cha hizo mbili ni 8. Tafuta jumla: 65,536 + 62,264 = 127,800, na 20,449 + 1 = 20,450. Kigawo kikubwa cha shirika ni 50. Nusu ya 8 ni 4, nusu ya 50 ni 25. Miraba yake, 16 na 625, jumla yake ni 641.

Mtego wa kuangalia

Ukiandika programu ya kompyuta ya kutambua namba tasa, kuna kipimo cha haraka kinachopendwa: inua 2 kwa kipeo cha namba yako pungufu ya 1, gawanya kwa namba yako, na baki likiwa 1 sema huenda ni tasa. Namba yetu inakipita kipimo hiki huku si tasa. Sababu umeshaiona: 2⁶⁴ inabaki 1, na namba yetu pungufu ya 1 ni 2³², ambayo ni kigawe cha 64. Ndugu zake wote wa mfululizo hukipita vivyo hivyo, kwa hiyo kuwapima kwa 2 ni kupoteza muda. Tumia 3. Kwa 3 namba yetu inanaswa mara moja, na kipimo kamili cha mfululizo huu, alichokitoa mwanahisabati Pépin mwaka 1877, kinaweza kutumia 3 hiyohiyo.

Jirani zake

Angalia walioko pembeni yake. 4,294,967,296 ni 2³² tupu: kompyuta inayotumia biti 32 ina michanganyiko hiyo tu, na ndiyo idadi ya anwani zote za intaneti za mfumo wa zamani, IPv4. Watu duniani wamepita bilioni 8, ndiyo maana anwani hazikutosha.

Hatua moja nyuma tena, 4,294,967,295, ile iliyolijaza bao, ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, yaani ndugu watano wa mfululizo wakizidishwa pamoja. Ina vigawo 32. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 18 hapo, aligundua kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula isiyo na alama na bikari tu, na sababu yake imo katika namba hizi. Kwa idadi ya pande iliyo witiri, umbo kubwa kuliko yote linalojulikana kuchoreka hivyo lina pande 4,294,967,295. Ongeza pande mbili tu, ufike kwenye namba yetu, na haliwezekani tena, kwa sababu ya 641.

Ukiwa umefika hapa na bado una karatasi, jaribu ndugu wa saba, 2⁶⁴ + 1, yaani 18,446,744,073,709,551,617. Kwake yeye, kwa mkazo wa Lucas, vigawo lazima viwe vigawe vya 256 na 1 juu. Usianze mwanzo, kwa maana kigawo cha kwanza kiko mbali: 256 × 1,071 + 1 = 274,177. Mwaka 1880 Mfaransa Fortuné Landry alichapisha uchambuzi wake, 274,177 × 67,280,421,310,721. Kuhakiki ni rahisi kuliko inavyotisha. Igawanye 4,294,967,296 kwa 274,177, inabaki 258,768, ambayo ni sawa na kukosa 15,409 kufika kigawe kinachofuata. Mraba wa 15,409 ni 237,437,281. Ongeza 1, gawanya kwa 274,177, na jibu ni 866 bila baki.